Bryce Young awekwa benchi: tumemlea vibaya, au uwezo hana?

Baba Zawadi (Charlotte), 17 Septemba 2024

Wakuu, salaam. Jana nimetoka zamu nikakuta simu imejaa ujumbe: Kocha wetu wa Carolina Panthers, Dave Canales, amemweka benchi Bryce Young, kwotabeki wetu, yule mrusha pasi wa timu kwenye mpira wa Marekani. Jumapili hii dhidi ya Raiders anaanza Andy Dalton. Zimechezwa mechi mbili tu za msimu, na kijana tuliyemchukua namba moja kwenye drafti ya 2023 (zamu ya timu kuchagua vijana wa vyuo) ameambiwa akae.

Juzi Jumapili nilikuwa uwanjani na binti yangu. Tulikaa juu kabisa, kule wachezaji wanakoonekana kama punje. Ukikaa juu unaona jambo ambalo kwenye runinga hulioni, maana kamera inaufuata mpira. Nikamwambia mwanangu, achana na mpira, tazama miguu ya namba 9. Kwotabeki akiwa na amani, anarudi nyuma hatua zake, mguu wa nyuma unatua, anatulia, anarusha. Huyu wetu alikuwa anarukaruka kama mtu aliyevuliwa viatu kwenye mchanga wa saa saba mchana. Hata pale ambapo hakuna mtu aliyemkaribia, miguu haikai. Anatazama kulia, anaacha, anatazama kushoto, anaacha, kisha anaurusha mpira mfupi wa yadi 3. Zawadi akaniuliza, "Baba, anamwogopa nani?" Nikakosa jibu.

Tulifungwa na Chargers 26-3. Young alipata yadi 84 za pasi mechi nzima. Wiki ya kwanza kule New Orleans ilikuwa 47-10, na pasi yake ya kwanza kabisa ya msimu ilinaswa na wapinzani. Sikatai, ni takwimu mbaya. Lakini nataka tukumbushane tulivyofika hapa.

Ili kumpata, tuliwapa Chicago chaguo la 9 la mwaka ule, chaguo la 61, chaguo letu la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake DJ Moore, mpokeaji bora tuliyekuwa naye. Yaani tulimleta kijana wa futi 5 na inchi 10 tukamwambia "rusha", halafu mtu wa kumrushia tukawa tumeshampeleka Chicago. Mwaka wake wa kwanza aliangushwa chini na mpira mkononi mara 62. Kocha Frank Reich alifukuzwa Novemba, timu ikiwa imeshinda mechi 1 na kupoteza 10, na kocha wa makwotabeki, Josh McCown, akaondoka siku ileile. Kabla ya hapo kazi ya kuchagua mbinu ilitoka kwa Reich ikaenda kwa Thomas Brown, ikarudi kwa Reich. Mtoto wa miaka 22 anafundishwa na sauti ngapi?

Msimamo wangu ni huu: nyumba inajengwa kuta kwanza. Sisi tulinunua paa la bei mbaya, tukaliweka hewani, sasa tunalilaumu kwa kuanguka. Na kumweka benchi sasa ni kummalizia. Nionyesheni nilipokosea.

Mkamba wa Minnesota, 17 Septemba 2024

Pole kaka, nakuelewa. Lakini wewe umetetea hadi umesahau kumtazama mwenyewe.

Laini, yaani wale watano wanaomkinga kwotabeki, imerekebishwa. Machi mwaka huu Carolina wamemleta Robert Hunt kwa mkataba wa dola milioni 100 na Damien Lewis kwa milioni 53, wote wawili wa katikati ya laini, tena makusudi kwa sababu Young ni mfupi na anahitaji kuona mbele. Wamemleta mpokeaji Diontae Johnson kutoka Pittsburgh. Wamemchukua mpokeaji mwingine, Xavier Legette, raundi ya kwanza. Canales mwenyewe ameajiriwa kwa kazi moja tu, kuwafufua makwotabeki: alikuwa na Geno Smith kule Seattle 2022, akawa na Baker Mayfield kule Tampa 2023. Kuta zimeanza kupanda, na kijana bado anacheza kama zimebomoka.

Na usiseme ligi nzima ni mbaya kwa vijana. Chaguo la pili la drafti ileile ni C.J. Stroud, kwotabeki wa Houston. Mwaka wa kwanza yadi 4,108, tachidauni 23 (kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho), pasi 5 tu zilizonaswa. Hawa wawili walikuwa kwenye orodha moja, na mlikuwa wa kwanza kuchagua.

Dada Rehema (Houston), 17 Septemba 2024

Kwa kuwa Stroud ametajwa, niseme mimi ninayemwona kila wiki. Wanaotaja takwimu zake husahau alikokuta. Kocha DeMeco Ryans alikuja mwaka mmoja naye, hakuna aliyekuwa na hofu ya kufukuzwa kabla ya Krismasi. Mpokeaji Nico Collins alikuwepo. Mwenzake Tank Dell alichukuliwa drafti ileile. Laini yetu iliumia sana mwaka jana, hilo kweli, lakini kila mtu kwenye timu alijua nani anaamua nini. Kipaji anacho, tena kikubwa. Ila kipaji kilikuta nyumba yenye wenyewe.

Kwa hiyo Mkamba ana haki, na Baba Zawadi ana haki. Ninachokataa mimi ni hili la kwamba benchi ni kaburi. Makwotabeki waliofanikiwa baadaye walianzia huko: Mahomes alikaa mwaka mzima nyuma ya Alex Smith. Rodgers alikaa miaka 3. Jordan Love vilevile miaka 3.

Baba Zawadi, 17 Septemba 2024

Dada, hao walikaa KABLA ya kucheza. Walikuwa wanafunzi, hakuna aliyewatarajia. Kukaa benchi baada ya mechi 18 za kuanza, mbele ya mji mzima, baada ya kuitwa mkombozi, ni jambo jingine kabisa.

Kinondoni Moja (Dar es Salaam), 17 Septemba 2024

Wakuu naomba nisaidiwe. Mimi mpira wangu ni ule wa Kariakoo, huu wa Marekani nimeanza kuufuata kwa sababu ya mdogo wangu aliyeko huko. Huyu kwotabeki kazi yake hasa ni nini hadi ichukue miaka kuijua? Kwangu mimi naona anapokea mpira, anarusha. Mbona kijana wa miaka 18 anaweza kuongoza kiungo timu kubwa?

Baba Zawadi, 17 Septemba 2024

Swali zuri mdogo wangu, na ndiyo mzizi wa mjadala wote.

Chukulia hivi. Jaribio moja la kusogeza mpira likiisha, saa ya sekunde 40 inaanza kurudi nyuma. Kocha anaongea na kwotabeki kupitia redio iliyo ndani ya kofia yake, anamtajia mbinu, na jina la mbinu moja linaweza kuwa na maneno zaidi ya kumi: nani asimame wapi, laini imzuie nani, kila mpokeaji akimbie njia ipi. Saa ikifika sekunde 15, redio inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake. Anawatajia wenzake 10, wanajipanga, naye anatazama upande wa pili. Wale walinzi wanamdanganya. Wawili wa nyuma wanasimama mbali kana kwamba watalinda nyuma, mpira ukianza tu mmoja anashuka mbele. Mwingine anajifanya anakuja kumvamia, kisha anarudi kukaa kwenye njia ya pasi. Inabidi ajue uongo ni upi, na kama mbinu aliyopewa haifai, aibadilishe palepale kwa ishara au kwa kelele.

Halafu mpira unaanza. Ana kama sekunde 2 na nusu, tuseme 3. Watu watano wa laini wanamzungushia ukuta, sisi hapa kijiweni tunauita boma. Ndani ya boma anamtazama mpokeaji wa kwanza: wazi au si wazi? Wa pili? Wa tatu? Na mpira haurushwi mtu akishakuwa wazi, unarushwa kabla hajageuka, kule atakakokuwa. Ukisubiri umwone yuko wazi, umechelewa.

Kiungo wa Simba au Yanga akikosea pasi, mchezo unaendelea, dakika ijayo anarekebisha. Huyu akikosea, mpira umekwenda kwa wapinzani, au yuko chini na mtu wa kilo 130 kifuani. Ukiangushwa mara 62 kwa mwaka, macho yako yanashuka. Badala ya kutazama wapokeaji, unaanza kuwatazama wanaokuja. Hicho ndicho ninachokiona miguuni mwake. Ni kama dereva aliyepata ajali: bado anaijua njia, lakini mguu umeganda kwenye breki.

Kinondoni Moja, 17 Septemba 2024

Sasa nimeelewa. Asante sana mzee wangu. Hizo sekunde 15 za mwisho peke yake ndizo zimenigusa.

Bukavu704, 18 Septemba 2024

Jambo bandugu. Mimi pia niko hapa Charlotte, mwaka wa saba sasa. Nataka kuongeza kitu kimoja ambacho hamujasema. Hii timu haijaanza leo kuwatupa vijana. Kwotabeki Sam Darnold alikuwa hapa 2021 na 2022. Baker Mayfield alikuwa hapa 2022, walimwachilia Desemba kabla msimu haujaisha. Wote wawili tuliwaita takataka, mimi nilikuwa mmoja wa walioita. Mayfield akaenda Tampa, Januari mwaka huu akaja kwenye uwanja wetu akatufunga 9-0 na kuchukua ubingwa wa kundi letu. Darnold sasa anaanza kule Minnesota, mechi mbili, ushindi mbili. Mkamba, ni timu yako hiyo, utasema.

Kama mahali pamoja panaua mimea mitatu mfululizo, mimi nitachimba udongo kwanza.

Mkamba wa Minnesota, 18 Septemba 2024

Hapo kwa Darnold umenipata. Sisi hapa tulimchukua awe wa kupasha kiti moto tu, kwotabeki wetu kijana J.J. McCarthy akomae. McCarthy akaumia goti Agosti, na sasa Darnold anarusha kama mtu mwingine kabisa. Anaye mpokeaji Justin Jefferson, anaye kocha Kevin O'Connell anayemchorea mambo yaeleweke. Sikatai kwamba mazingira yanafanya kazi.

Lakini ona pia ukweli wa pili: Darnold na Mayfield hawakuponea palepale walipovunjikia. Ilibidi wahame. Kwa hiyo huenda jibu la kweli kwa Young ni kuondoka Charlotte, na nyinyi mtafute mwingine.

Baba Zawadi, 23 Septemba 2024

Dalton ametushindia jana. 36-22 dhidi ya Raiders, yadi 319, tachidauni 3. Laini ileile, wapokeaji walewale, kocha yuleyule.

Imeniuma kuandika, lakini niliahidi kusikiliza.

Mkamba wa Minnesota, 23 Septemba 2024

Unaandika kama muungwana. Hili ndilo nililokuwa nasema. Dalton ana miaka 36, mkono wake haujawahi kuwa wa kutisha. Lakini mpira ukianza anajua aende wapi nao, anautoa mapema, na laini inaonekana nzuri kwa sababu hailazimiki kushika ukuta sekunde 4. Kwotabeki naye anailinda laini. Watu wengi hawalioni hili: mara nyingine anayeangushwa amejiangusha mwenyewe kwa kushikilia mpira.

Baba Zawadi, 11 Novemba 2024

Naufufua uzi. Kwa waliopotea: baada ya ushindi ule, Dalton alipoteza nne mfululizo. Oktoba akapata ajali ya gari na familia yake, wote wakasalimika, yeye akaumia kidole gumba. Young akarudishwa dhidi ya Denver, tukafungwa 28-14. Wiki iliyofuata akawafunga Saints 23-22, na jana Munich tumewafunga Giants 20-17 muda wa nyongeza. Kuna mwenzetu alikuwepo, nimemwomba aandike alichokiona.

Salum wa Munich, 11 Novemba 2024

Assalaam alaikum. Nimezoea kwenda Allianz Arena kuwatazama Bayern, jana ilikuwa mara ya kwanza kuwaona hawa. Baba Zawadi aliniambia nitazame miguu, nikatazama miguu.

Si mchezo wa kutisha aliocheza. Mpira mwingi alipewa Chuba Hubbard akimbie nao. Lakini mara kadhaa wavamizi wa Giants walilibana boma kutoka pembeni, na yeye badala ya kurudi nyuma kama anakimbia nyuki, alipiga hatua moja mbele, ndani, wavamizi wakapita nyuma yake, akarusha. Hatua moja tu. Mzee mmoja Mjerumani aliyekaa kando yangu alikuwa akipiga makofi kila inapotokea, hata pasi ikikosa.

Baba Zawadi, 25 Novemba 2024

Tumefungwa na Chiefs 30-27 kwa teke la sekunde ya mwisho, na mimi leo nimekwenda kazini kifua mbele. Tulikuwa nyuma kwa pointi 8, kijana akaupeleka mpira uwanja mzima, tukasawazisha 27-27 zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili. Dhidi ya mabingwa. Miguu imetulia. Jana kuna pasi alirusha huku mtu anamgonga, macho hayakushuka hata kidogo.

Sasa nina deni humu na nalilipa. Nilisema Septemba kwamba benchi litammaliza. Nilikosea. Dada Rehema, ulisema si kaburi, na ulisema kweli. Nimefikiri sana wiki hizi kwa nini nilikosea. Nadhani mimi nilimwonea aibu. Nilimtazama kama mzazi anayemtazama mwanawe akirudishwa darasa mbele ya wenzake, na aibu hiyo ilikuwa yangu mimi. Yeye alipata wiki tano za kusimama pembeni na kuona mchezo ukienda bila yeye kupigwa. Alimwona Dalton akiutoa mpira mapema. Akaona kwamba inawezekana, kwa laini hii hii.

Dada Rehema, 25 Novemba 2024

Sikutaka ushindi wa hoja, kaka. Lakini nashukuru. Na huku kwetu mambo yamegeuka: Stroud mwaka wa pili anaangushwa kila wiki, na miguu uliyoielezea Septemba naanza kuiona kwake. Sikuwahi kufikiri nitaandika hivi.

Bukavu704, 9 Desemba 2024

Eagles 22, sisi 16. Dakika ya mwisho Young alimrushia Legette pasi ndefu, ikafika mikononi, ikaanguka. Ingekuwa ushindi ugenini Philadelphia. Kwenye karatasi itaandikwa kwamba Young amepoteza. Muikumbuke pasi ile kila mtu akitaja rekodi yake.

Mkamba wa Minnesota, 16 Desemba 2024

Na hii ya jana dhidi ya Cowboys? 30-14, kapoteza mpira mara nne. Siandiki kwa ubaya. Ila tukitaka kumhukumu kwa haki tusiandike Jumapili nzuri tu.

Baba Zawadi, 16 Desemba 2024

Haki yako. Mbili kati ya hizo nne ni mpira kumtoka mkononi akiwa bomani, ugonjwa wa zamani. Mikono midogo, na anaushika kwa mkono mmoja akikimbia. Hilo linafundishika, lakini lifundishwe sasa.

Baba Zawadi, 6 Januari 2025

Msimu umekwisha. Jana Atlanta, 44-38 muda wa nyongeza. Tachidauni 3 za pasi, 2 kakimbia mwenyewe. Timu imeshinda 5 na kupoteza 12, na ninaingia mapumzikoni na matumaini ambayo sikuyapata tangu enzi za Cam Newton, kwotabeki wetu wa zamani. Zawadi ameomba jezi namba 9. Mwaka jana nilimnunulia, akaacha kuivaa shule kwa sababu walimcheka. Hii anataka kubwa kidogo ili asiizidi haraka.

Bukavu704, 17 Novemba 2025

Bandugu amkeni! Yadi 448! Rekodi ya timu tangu ianzishwe, imevunja ile ya Cam Newton ya 432. Tena alianza mechi, akaenda kutibiwa kifundo cha mguu, akarudi. Atlanta tena, 30-27, muda wa nyongeza tena.

Mkamba wa Minnesota, 17 Novemba 2025

Hongereni kwa dhati. Na bado swali langu liko palepale. Wiki moja kabla, nyumbani kwenu, dhidi ya Saints dhaifu, timu yote ilipata pointi 7. Wiki moja 7, wiki inayofuata yadi 448. Huyu ni nani? Mwaka wa tatu huu. Josh Allen wa Buffalo mwaka wa kwanza alifikisha pasi asilimia 52.8, tukamcheka, mwaka wa tatu akafika 69.2 na hakurudi tena kule chini. Mimi nasubiri ile ya kutorudi nyuma.

Dada Rehema, 17 Novemba 2025

Mkamba, si kila mmea unapanda kama wa Allen. Wengine wanapanda ngazi mbili wanashuka moja, miaka. Ona Alex Smith: alichukuliwa namba moja 2005, mwaka wa kwanza tachidauni 1 na pasi 11 zilizonaswa, kila mwaka karibu kocha mpya wa mashambulizi. Alipotulizwa na Jim Harbaugh 2011 akafika hadi mechi ya kugombea kwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Hakuwahi kuwa Allen. Alikuwa kwotabeki mzuri kwa miaka mingi. Kosa letu ni kudhani chaguo la kwanza likikosa kuwa Peyton Manning, mmoja wa makwotabeki wakubwa kabisa, basi limeharibika. Na Manning mwenyewe 1998 pasi 28 zilinaswa na timu yake ikashinda 3 tu.

Tofauti ni kwamba Manning hakubadilishiwa kocha kila msimu. Young sasa yuko mwaka wa pili na kocha mmoja, na anaye Tetairoa McMillan, mpokeaji mrefu anayekwenda juu kuuchukua mpira. Huyo ndiye mtu ambaye DJ Moore angekuwa.

Kinondoni Moja, 17 Novemba 2025

Mimi sasa siangalii tena mpira, naangalia miguu. Mdogo wangu ananishangaa.

Baba Zawadi, 11 Januari 2026

Nimelala kwa saa tatu tu. Naandika kabla sijaenda kanisani.

Mnajua tulivyofika. 8-9, tukachukua kundi la NFC Kusini kwa sababu Atlanta waliwafunga Saints siku ya mwisho, sisi tukiwa tumeshapoteza kwa Tampa. Ubingwa wa kwanza wa kundi tangu 2015, mtoano wa kwanza tangu msimu wa 2017. Wengi nchini wamesema hatustahili. Sawa. Jana Rams walikuja hapa na wakatuongoza 14-0 mapema. Nilikuwa juu kulekule na Zawadi, ana miaka 12 na nusu sasa, jezi imemkaa.

Mwaka ule wa 26-3 uwanja ulikuwa umeanza kumwagika kabla ya mwisho. Jana hakuna aliyeketi. Alikimbia mwenyewe hadi ndani akafunga. Kisha robo ya nne, zimebaki kama dakika mbili na nusu, tuko nyuma 27-24, alimpata Jalen Coker ndani ya eneo la mwisho: 31-27. Coker, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Nilimshika mwanangu begani nikahisi anatetemeka, au ni mimi.

Halafu Stafford, kwotabeki wa Rams. Sekunde 38 zimebaki, tachidauni, 34-31. Ndiyo mpira.

Msimu wake: tachidauni 23, pasi 11 zilizonaswa, mechi 16 alizoanza, kashinda 8 kapoteza 8. Si takwimu za mkombozi. Mkamba, najua utauliza.

Mkamba wa Minnesota, 11 Januari 2026

Nauliza kwa heshima kaka, maana jana hata mimi nilisimama. Timu ina hadi mwanzoni mwa Mei kuamua kama itachukua mwaka wake wa 5 wa mkataba. Huo ningeuchukua bila kufikiri. Lakini baadaye utakuja mkataba wa pesa nzito kweli, ule unaokunyima kununua laini na walinzi. Kwa kijana wa 8-8? Na sisi tulimwachia Darnold aende Seattle, tukaamini McCarthy yuko tayari, na mwaka huu wote tumemtazama McCarthy akipitia yaleyale uliyoandika hapa Septemba 2024. Nimeusoma uzi huu upya usiku kutoka juu. Kila ulichosema kuhusu miguu nimekiona kwa kijana wetu. Kwa hiyo sijui tena kama mimi ni mtu wa kutoa ushauri wa kumwacha mtu.

Bukavu704, 11 Januari 2026

Mpeni mwaka wa 5, muongeze laini. Ikem Ekwonu wa laini ameumia jana, upande wa kushoto hatujui utakuwaje. Tusirudi kule kwa kuangushwa mara 62.

Baba Zawadi, 11 Januari 2026

Bukavu umesema la maana kuliko yote. Jana Ekwonu alipotoka, nilitazama moja kwa moja miguu ya namba 9, kwa hofu ile ile ya zamani. Mtu wa akiba kaingia upande ambao Young haoni. Mpira ukaanza. Alirudi hatua tatu, mguu wa nyuma ukatua. Zawadi ndiye aliyeniambia, mimi nilikuwa nimefumba macho: "Baba, ametulia."